Jani la Isale Lafika Namba Moja

Ndugu msomaji, wiki iliyopita niliachana nawe nikiwa juu ya mparachichi, nimekimbizwa na ng'ombe wa bibi yangu. Nimeshuka. Ng'ombe hakuomba radhi. Tuendelee.

Kwa aliyechelewa kujiunga na mateso haya: mimi ni Herbert, mwanafunzi wa kidato cha tano niliyesimamishwa masomo katika seminari moja ambayo Baba Gombera, mkuu wake, ameniomba kwa upole nisiitaje. Mama yangu, anayeishi Soweto, Moshi mjini, alisoma barua ya shule, akafunga begi langu kwa mikono yake, akanipandisha Mwika kwa bibi mzaa baba ili nikajifunze maisha. Maisha, nimegundua, ni kukata majani ya ng'ombe.

Huko ndiko nilikomrekodi bibi yangu, Bibi Anyesi, bila yeye kujua. Ilikuwa asubuhi moja, amesimama kwenye mfereji akimfokea jirani yake, Mzee Ndelilio. Tangu babu alipofariki, Mzee Ndelilio amekuwa akifungulia kwake maji ya Jumatano, ambayo ni zamu ya bibi. Anasema mjane hana zamu.

Sauti hiyo nilimtumia rafiki yangu Given wa Soweto, kijana mwenye kompyuta na asiye na dhamiri. Given akaiwekea ngoma na kinanda, akaipandisha kidogo iwe nyembamba, na jina la jirani akaligeuza kiitikio. Tukauachia wimbo mtandaoni, na picha moja ya kava. Jina la wimbo: "Maji Yangu Jumatano". Msanii: Bibi A.

Historia ya wimbo huo kwenye Ngazi Kumi, kipindi cha Alhamisi alasiri cha Redio Mteremko, inastahili kufundishwa shuleni.

Uliingia namba kumi, nafasi ambayo kwa kawaida hupewa mpwa wa mtangazaji. Ukapanda hadi saba, akina mama wa soko la Mwika walipogundua kwamba kila mmoja wao ana jirani. Ukashuka hadi nane, kwa sababu msanii mmoja wa Dar alitoa wimbo wa kumlilia mchumba siku ileile aliyoachwa, na huwezi kushindana na msiba wenye video.

Kisha wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule chini wakaupokea. Wakawa wanamwimbia kila anayeruka foleni ya bomba. Wapiga debe wa stendi ya Bomang'ombe wakabadili maneno, wakaimba "abiria wangu Jumatano". Wimbo ukafika namba mbili ukakaa hapo, mtulivu, kama paroko msaidizi anayesubiri paroko azeeke.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa nisikilize Alhamisi ya wiki hii.

Bibi alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Binamu yangu Aika, fundi cherehani anayeishi naye, alikuwa mlangoni anashona kifungo. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na redio kwa uchaji.

"Namba mojaaa!" mtangazaji alipiga kelele kama mtu aliyeng'atwa na siafu. "Kutoka mahali pasipojulikana, ni Bibi A! Maji Yangu Jumatano!"

Jiko lote likajaa sauti ya bibi yangu: *Ndelilio! Ndelilio ee! Zamu hii hukunipa wewe, nilipewa wakati wewe hujaota meno!*

Bibi aliacha kumenya. Mimi niliacha kupumua.

"Huyu mwanamke," alisema, akiionyesha redio kwa ncha ya kisu, "ana akili."

"Nani, bibi?"

"Huyu anayeimba. Msikilize. Hamung'unyi maneno. Angekuja huku Jumamosi anisemee."

"Na sauti yake unaionaje?"

"Sauti mbaya. Inakwaruza kama sufuria lenye ukoko. Lakini anasema kweli."

Aika aliinama ghafla kutafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Na huyo Ndelilio wake ni wa wapi?" bibi akauliza.

"Akina Ndelilio wako wengi, bibi."

"Na wote wezi," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Jumamosi aliyoitaja ilikuwa siku ya mkutano wa mfereji. Wenye zamu wote wangekaa na kuamua, mara moja kwa daima, Jumatano ni ya nani. Mwaka huu bibi ameng'oa mibuni ya babu iliyozeeka na kupanda miche mipya, na miche haijui mila. Inajua maji. Bibi alikuwa ameandaa maneno yake. Nilikuwa nimemsikia akiyafanyia mazoezi mbele ya ng'ombe.

Simu yangu ikatetemeka. Nikatoka nyuma ya banda.

"Mangi!" Given alikuwa analia kwa furaha. "Tumetoboa! Namba moja! Soweto nzima wanajua ni mimi!"

"Tulikubaliana asijue mtu."

"Nimewaambia wasiseme. Halafu mangi, ile picha yako! Watu wote wameiweka kwenye status. Mpaka wazee. Sijawahi kuona wazee wanapenda kava la wimbo."

"Wazee wanapenda uoto wa asili," nikamwambia, nikakata simu nikiwa nimevimba kichwa. Picha niliipiga mimi. Nikaona si haki Aika aendelee kuishi bila kuisifu.

Nikampelekea simu. Aliitazama. Tabasamu lake likaondoka usoni kama mtu aliyeitwa nje.

"Herbert. Hili ni nini?"

"Jani. Nililichuma kule kwenye mpaka. Rangi yake inapendeza."

"Ni isale hili. Na fundo?"

"Upepo ulikuwa unalipeperusha. Nikalifunga kama tai, ndipo likatulia."

Aika alikaa juu ya ndoo iliyokuwa na maji. Hakuonekana kujali.

"Nyie watoto wa mjini," alisema polepole, "kwenu hamfundishwi kitu? Mtu huku akikosa, akikosa sana, anapeleka jani la isale limefungwa fundo. Yule anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ulichoma nyumba yake. Anasamehe, mnakunywa pamoja, kesi imekufa."

"Ni desturi nzuri sana."

"Na aliyelipeleka amekiri kwamba mkosaji ni yeye."

Nilifikiri. Nilipomaliza kufikiri, nilitamani nisingeanza.

"Nimesoma Kilatini, Aika. Hili halikuwemo."

"Sauti ya bibi, jina la Ndelilio, isale limefungwa. Unaona ulichofanya? Umemwombea bibi msamaha kwa mwizi wake. Mlima mzima."

"Lakini maneno ni matusi matupu! Mtu gani anaomba msamaha kwa kusema 'hujaota meno'?"

"Wazee wanasikiliza maneno ya nyimbo zenu? Wao wameona picha."

Nikampigia Given. Nikamwambia abadilishe picha sasa hivi, aweke hata paka.

"Wewe mzima?" Given akasema. "Wimbo uko namba moja unataka kuubadilisha sura? Papa akichaguliwa wanambadilisha kichwa?"

"Given, nakuomba kwa jina la—"

"Halafu umeme umekatika huku. Tulia, mangi. Furahia."

Sikupata muda wa kufurahia. Kwenye njia ya kuingilia kihamba chetu, shamba linalozunguka nyumba, kati ya migomba, mtu alikohoa kikohozi cha heshima.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Mzee Ndelilio. Alivaa koti la Pasaka na kofia ya Krismasi. Mkononi alibeba ndoo ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, iliyofunikwa jani la mgomba, na kata ya kunywea ikining'inia kwenye kidole. Nyuma yake alikuja Mzee Ebenezeri, mwenyekiti wa mfereji, mtu ambaye hata akikusalimia unahisi amekata shauri.

Bibi alitoka jikoni na kisu chake.

"Ndelilio," alisema, akiitazama ndoo. "Umeamua kunirudishia maji kidogo kidogo?"

"Shikamooni," nikasema haraka.

"Marahaba, mjukuu," Mzee Ndelilio alinijibu kwa upendo wa kutisha. Akamgeukia bibi. "Mama Tito, nimepokea."

Tito alikuwa baba yangu. Tulimzika nikiwa darasa la tano. Wazee wa Mwika bado wanamwita bibi kwa jina lake.

"Umepokea nini?"

"Isale lako. Sikutegemea, nakwambia kweli. Juzi tu nilimwambia mke wangu, yule mama ana kiburi, atakufa nacho. Kumbe moyo umelainika! Umeniomba mbele ya watu wote. Basi nami nimekuja na shahidi. Nimekusamehe."

Bibi alinitazama mimi, kisha Aika, kisha ndoo, kama anayetafuta ni nani kati yetu amelewa.

"Nimekukosea nini mimi, hata unisamehe?"

"Uliniita mwizi kwenye mfereji. Yameisha."

"Nilikuita mwizi kwa sababu unaiba!"

"Yameisha, mama, yameisha," alisema Mzee Ndelilio, akatoa simu kwenye mfuko wa koti kwa vidole viwili. "Mkwe wangu Salvina ndiye aliyenionyesha. Ebenezeri, naomba uone tena."

Mzee Ebenezeri alivaa miwani, akaiinamia simu, akaivua miwani.

"Ni isale," alitangaza. "Limefungwa. Na jina la Ndelilio linaitwa. Mama Tito, isale si jambo la mchezo. Mnywe pamoja, tufunge habari hii, Jumamosi tuzungumzie mambo mengine. Yule ngedere anayeharibu banio la kuingizia maji, kwa mfano."

"Na zamu yangu?"

"Aliyetoa isale likapokelewa hana madai tena."

Mzee Ndelilio alibonyeza simu. Wimbo ukaanza. *Ndelilio! Ndelilio ee!* Aliutikisia kichwa kama mtu anayesikiliza nyimbo za sifa.

"Huyo ni yule mwanamke wa redioni," bibi akasema. "Mimi nahusikaje?"

Aika alinifinya mbavuni.

Seminari tulifundishwa kwamba majuto yako ya aina mbili. Kuna majuto kamili, yanayotokana na upendo, na majuto pungufu, yanayotokana na hofu. Mimi nilikuwa na aina ya tatu, inayotokana na kucha za binamu.

"Ni mimi," nikasema.

Wazee waligeuka.

"Nilimrekodi bibi bila yeye kujua. Rafiki yangu akatengeneza wimbo. Jani nililichuma mimi kwenye mpaka, fundo nililifunga mimi, na sikujua maana yake. Bibi hakutuma kitu. Kwa hiyo isale hili," nikavuta pumzi, maana nilikuwa nimelipata neno zuri, "ni batili."

Nilijisikia msafi kama sakafu ya kanisa.

"Ile sauti inayokwaruza," bibi akasema taratibu, "ni yangu?"

"Given aliipandisha kidogo, bibi."

"Mimi nakwaruza?"

"Ni wewe uliyesema, bibi. Mimi sikuwa na maoni."

Aliinua kisu, akakumbuka kuna wageni, akakishusha. Lakini niliona mdomo wake umesogea upande mmoja. "Namba moja," alijisemea kwa sauti ndogo. Kisha akakunja uso tena. "Haya. Ndelilio, umemsikia mtoto. Beba ndoo yako."

Mzee Ndelilio alianza kufunika mbege yake. Nakiri, msomaji, kwamba kwa muda mfupi nilijiona mkombozi.

"Subiri," alisema Mzee Ebenezeri. Alinisogelea. "Kijana. Wewe ni mtoto wa Tito?"

"Ndiyo, meku," nikasema, kama wazee wanavyoitwa huku.

"Tito alikuwa na kaka?"

"Hapana, meku. Ni shangazi tu, mama yake Aika."

"Na wewe una kaka?"

"Nina dada wawili."

"Aha." Alitabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu, na sitamani tena. "Babu yako amefariki. Baba yako amefariki. Sasa niambie wewe uliyesoma Kilatini. Mwenye nyumba hii ni nani?"

Niliona shimo nikiwa tayari ndani yake.

"Isale la Mama Tito," aliendelea, "lingeweza kubishaniwa. Watu wangesema, ah, mjane, pengine hasira, pengine uzee. Lakini hili limetolewa na mwanaume wa nyumba. Kalichuma kwenye mpaka wa kihamba chake, kalifunga kwa mkono wake, kakiri kwa kinywa chake, mbele ya mwenyekiti. Miaka mingi sijaona isale lililokamilika namna hii."

Mzee Ndelilio alifunua ndoo upya. Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Akavua kofia hiyo, akainama mbele yangu.

"Shikamoo, mwenye nyumba!"

Hakuna adhabu seminarini inayofikia mzee wa miaka ile kukuamkia. Baba Gombera angeiazima.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Bibi aliweka kisu chini kwenye kizingiti, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kwa hiyo mimi si mwenye nyumba," alisema.

"Ni mila tu, Mama Tito," Mzee Ebenezeri akajibu. "Hatukuzitunga sisi."

"Niliyepanda hii migomba. Niliyefukia wanaume wawili wa nyumba hii."

"Ni mila."

"Sawa."

Nimeishi na bibi muda wa kutosha kujua kwamba akisema "sawa" unatakiwa kutafuta pa kujificha. Aika alikuwa tayari nyuma ya mlango.

Bibi aliichukua kata kwenye kidole cha Mzee Ndelilio. Akaichovya ndani ya ndoo, akakoroga, akaijaza. Povu la ulezi likaelea juu. Wazee wote wawili walishusha mabega. Mzee Ndelilio akanyoosha mkono kupokea.

Bibi akampita. Akaja kusimama mbele yangu.

"Mbege huonjwa kwanza na mwenye nyumba," alisema. "Nayo ni mila. Shika, baba."

"Bibi, mimi—"

"Shika."

Nilishika kwa mikono miwili.

"Ukinywa," alisema, na hakusema kwa kunong'ona, "umelithibitisha isale lako. Jumatano ni ya Ndelilio. Jumamosi nitabaki hapa na ng'ombe, na sitakulaumu mpaka naingia kaburini."

"Maneno mazuri," akasema Mzee Ndelilio.

"Usipokunywa, umelikana. Na Jumamosi hutakuwa mjukuu wangu niliyemleta kunibebea kiti. Utasimama wewe, mwenye nyumba, mbele ya mfereji mzima, useme zamu ni ya nani. Hilo neno langu hawatalisikia, nimeshaambiwa. Lako watalazimika."

Mzee Ndelilio aliacha kucheka. Mzee Ebenezeri alivaa miwani yake tena, ingawa hapakuwa na cha kusoma.

"Mama Tito, usimponze mtoto," alisema. "Hakuna aliyewahi kukana isale alilolifunga mwenyewe. Nyumba itakayofanya hivyo na ikashindwa Jumamosi, haitapata tone katika mfereji huu. Sizungumzii Jumatano peke yake. Siku zote."

"Najua."

"Na miche yako?"

"Najua, Ebenezeri. Nimeipanda mimi."

"Bibi," nikasema, "mimi sijui kuzungumza mbele ya wazee."

"Umeuimbisha mlima mzima bila kuniuliza," alijibu. "Leo ndiyo umekuwa na haya?"

Alisema kwa ukali wake wa kawaida. Lakini mkono wake ulikuwa bado umeshika ukingo wa kata, kama asiyetaka kuiacha. Siku tuliyomzika baba hakung'ang'ania kitu namna ile.

Kisha akaiachia.

Walikuwa wamenikazia macho: mzee mwenye kofia mkononi, mzee mwenye miwani, na jicho moja la Aika kwenye ufa wa mlango. Hakuna aliyenikazia macho kama bibi yangu, ambaye alikuwa anatazama pembeni, kwenye migomba.

Nikainua kata. Nikafungua kinywa, na wazee wote wawili wakadhani nataka kunywa.